Nani Atabaki na Doris

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Mghoi, binti wa baba yangu mkubwa, na jioni ya kuanua matanga, nyumbani kwake Hallonbergen, hapa Sweden, nilisikia swali ambalo sikulitegemea. Nitalifikia. Kwanza niseme kwamba chini ya meza, kati ya miguu ya akina mama wa ushirika wetu wa Tumba, alikuwa amelala mbwa mzee wa kahawia aitwaye Gunvor, na kila aliyemjua Mghoi wa zamani alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi, akimkodolea macho yule mbwa. Mghoi? Yule aliyekuwa akivuka barabara kila akiona mbwa, hata aliyefungwa kamba? Waliniuliza mimi, kwa maana inajulikana ni mimi niliyeleta mbwa katika ukoo wetu. Niliwajibu kwa kifupi kwamba ulikuwa ule mwaka wa Rågsved, wakatikisa vichwa, wakaendelea kula. Lakini tangu jioni ile sijatulia. Naona heri niuandike ule mwaka wenyewe, kwa sababu sijapata kushtuka mara nyingi hivyo kabla yake wala baada yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi niliyetoka Wundanyi na sweta zisizofaa kitu. Mghoi alikuwa amenitangulia. Alifanya kazi katika makao ya wazee na aliishi na mumewe katika chumba kimoja, hivyo kwake hapakuwa na nafasi hata ya sanduku langu. Nilipata chumba Rågsved, kwa mkunga mstaafu aliyeitwa Gunvor, ghorofa ya tatu. Jikoni kulikuwa na pazia za njano, saa ya ukutani iliyokuwa imekufa, na benchi la mbao lenye mto. Nilipotaka kuketi kwenye lile benchi nilikuta limekaliwa. Mbwa mnene kiasi, mweupe mwenye madoa meusi, alinitazama na hakusogea hata kidogo. Gunvor akasema huyo ni Doris, na kwamba chumba ni changu kwa sharti moja: asubuhi nimtoe Doris, na Jumamosi twende sote watatu nje ya mji, maana goti lake lilikuwa bovu na hakupenda kwenda peke yake. Nilikubali. Kwetu mbwa hulala nje, hulinda boma, hula makombo ya ugali, na jina lake ni Simba au Popi. Huyu alikuwa na jina la shangazi yetu Doris, aliyetulea mimi na Mghoi na kutufundisha kusali. Siku nyingi nilishindwa kabisa kumwita. Utasemaje, Doris, keti chini? Doris, toa pua yako hapo?

Nilimpigia Mghoi simu jioni ile ile.

“Ati analala wapi?”

“Ndani. Kwenye benchi la jikoni.”

“Benchi la watu?”

“Ni lake, dada. Sisi ndio tunaomba nafasi.”

“Wakesho, hama. Na kabla hujahama, usiniletee hizo nguo kwangu. Zina manyoya.”

Sikuhama. Asubuhi iliyofuata Gunvor alinipa kamba na vifuko vidogo vya plastiki, nami nikadhani vifuko ni vya kubebea mkate kutoka dukani. Aliponieleza kazi yake nilitafuta pa kuketi. Mimi, niliyeagwa nyumbani kwa maombi na kuku wawili kwamba naenda kusoma Ulaya, nikainama kwenye theluji nikaokota kinyesi cha Doris kikiwa bado na joto, na watu wakanipita bila kucheka. Nilikitembeza kile kifuko mkononi hadi kwenye pipa kwa aibu ambayo hadi leo naikumbuka. Hayo hayakuwa makubwa. Makubwa ni kwamba nilikuwa nimekaa katika mji ule wiki kadhaa, nikipanda ngazi na treni na watu wale wale, na hakuna aliyenisalimia. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sionekani. Nikashika kamba ya Doris tu, nikawa mtu. Walisimama, waliinama, waliuliza hali. Hali ya Doris, lakini walisimama.

Hawakujuana kwa majina yao. Mwanamume mwenye mbwa walimwita husse, mwanamke matte, kwa hiyo huyu alikuwa husse wa Ludde na yule matte wa Saga. Siku nilipoielewa desturi hiyo nilicheka peke yangu njiani mpaka Doris akasimama kunitazama. Hii si desturi yetu kabisa? Baba Fulani, Mama Fulani, ila hapa watoto wana mikia. Tangu hapo kichwani mwangu nikawaita Baba Ludde na Mama Saga, na Gunvor nikamwita Mama Doris, mbele yake, na alilipenda sana. Baba Ludde alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mwenye haya, wa makamo, na mbwa wake Ludde alikuwa mdogo mwenye hasira. Kila asubuhi tulikutana kwenye njia inayoshuka bondeni nyuma ya majumba, akaniambia hali ya hewa niliyokuwa nimesimama ndani yake, akaenda. Nilimsimulia Mghoi kwamba nimepata rafiki. Aliniuliza jina lake nikashindwa kujibu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Tulianza karibu na nyumbani, juu ya miamba nyuma ya Rågsved, ambako miti ni mifupi na ardhi imefunikwa na vichaka vya ljung, vikavu majira ya kuchipua, halafu mwezi wa nane vyote vinageuka zambarau kwa mara moja. Tulishuka msituni kuelekea ziwa Magelungen, Gunvor mbele na fimbo zake mbili, Doris katikati, mimi nyuma nikiangalia kila upande. Nilingoja mwenye shamba atoke. Tulikuwa tukifungua lango la malisho ya watu, tunapita katikati ya ng'ombe wa watu, tunafunga lango, tunaendelea, na hakuna aliyepaza sauti kutuuliza tunatafuta nini. Gunvor alisema kila mtu ana haki ya kupita, mradi asikanyage mimea wala asisogelee nyumba. Nilimwambia kwetu watu wameuana kwa mpaka wa upana wa jembe. Alisimama akanitazama kwa muda mrefu, naye akiwa ameshtuka, tukawa wawili tuliosimama njiani tukishangaana.

Mwezi wa tano tulikuta nyoka amejianika juu ya mwamba, na mistari yake ya kupindapinda mgongoni. Nikavuta kamba ya Doris kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikaokota jiwe. Gunvor akanishika mkono.

“Weka chini. Huyo analindwa na sheria.”

Nilimtazama yeye, nikamtazama nyoka. Nimeona mengi Sweden, lakini nyoka mwenye sheria sijapata kuona popote. Tulimzunguka kwa heshima, kama mtu anavyompisha chifu. Mbele kidogo tukaketi kwenye gogo lenye kuvumwani laini ya kijani, Gunvor akatoa mkate mweusi wenye jibini na tango, mayai ya kuchemsha, kahawa ya chupa, na vile vitumbua vyao vya kusokotwa. Nilipong'ata nikanusa iliki. Iliki, huku, katikati ya misonobari. Nilianza kulia kabla sijajua nalia. Gunvor alimkatia Doris kipande, akanikatia mimi kikubwa zaidi. Jumamosi iliyofuata nilikaanga mahamri asubuhi na mapema, na kutoka hapo chakula cha safari kikawa cha pande zote mbili, na Doris akanenepa zaidi.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba na Gunvor alizungumza na simu kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri. Kila Jumapili mwanawe, Jan-Erik, alipiga kutoka mji wa Umeå. Mwaka mzima sikuwahi kumwona, ila nilizoea kusikia upande mmoja wa mazungumzo yao kutoka chumbani kwangu. Ndiyo, nimekula. Ndiyo, goti. Siku moja nikamsikia anasema, “Peke yangu? Siko peke yangu. Tuko watatu hapa.” Niliketi kitandani na kitabu changu nisigeuze ukurasa. Kesho yake, tukinywa uji wa asubuhi, akanishtua kwa jambo jingine. Alisema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi kwamba kufa hakumwogopeshi, amewazalisha watu wengi na kuzika wengi, lakini anamwogopea Doris. Jan-Erik mwili wake haupatani na manyoya. Mbwa wa umri ule hakuna anayemtaka. “Mimi nikienda, nani atabaki na Doris?” Kijiko kiliniponyoka. Kwetu mtu hataji kifo chake mezani, atakuwa anakiita. Nikamwambia tusiseme hayo, Mungu yupo. Akasema huenda yupo, lakini hamtembezi mbwa.

Ilikuwa mwezi wa tisa, ljung ikiwa imeanza kufifia, tulipokwenda Tumba kufuata bonde la mto. Mto wenyewe ni mdogo, wa maji ya rangi ya chai ya rangi, unapita chini ya miti myembamba yenye magome meupe halafu unatokea kwenye malisho wazi. Gunvor alisema goti limechoka. Akaketi juu ya kisiki, akamimina kahawa, akaniambia nimpeleke Doris hadi darajani na kurudi, yeye atatungoja. Tulikwenda. Doris aliingia majini, akajikung'uta akanilowesha, nikamtukana kwa Kitaita, tukarudi nikicheka. Gunvor alikuwa ameketi vile vile, kikombe mkononi, kichwa kimeinamia kifuani. Nilisema, Mama Doris, kahawa inapoa. Doris ndiye aliyejua kwanza. Hakumkaribia. Alilala chini pale pale njiani, akiwa amelowa, akaweka pua juu ya viatu vyangu.

Watu wa ambulensi walikuja kwa miguu kupitia malishoni, wakafanya yao kwa muda, wakaacha. Mmoja aliniuliza mimi ni nani wake. Nilitafuta neno la Kiswidi, la Kiingereza, la Kiswahili, sikupata hata moja. Nikasema naishi kwake. Akauliza na mbwa je, nikasema mbwa ni wake. Wakamchukua Gunvor, wakaniachia kamba na ile chupa ya kahawa, ambayo bado ilikuwa na joto. Nilipanda treni na Doris, tukaketi mwisho wa behewa mahali pa mbwa, na mama mmoja akainama akauliza kwa furaha, anaitwa nani huyu mzuri?

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa sababu sikujua kingine. Msiba ukitokea, watu huja. Nilikung'uta mazulia, nikapanga viti vyote sebuleni pamoja na lile benchi la jikoni, nikaazima sufuria kubwa kwa mama mmoja wa Burundi wa jengo la pili, nikachemsha chai ya maziwa ya kutosha ukoo, na nikaufungua mlango wa mbele wazi kabisa. Nikaketi. Nilisikia lifti ikipanda na kushuka. Nilisikia watu wa ngazi ile ile, waliomjua Gunvor tangu watoto wao wadogo, wakipita na mifuko ya duka. Mmoja alisimama, nikainuka kumkaribisha, naye akaushika mlango kwa upole akaufunga kutoka nje, akidhani nimeusahau. Niliufungua tena. Wakaufunga tena. Kwa kweli hakuna jambo lililonishtua mwaka ule kuliko ule mlango. Mghoi alipofika kutoka kazini alinikuta nimeketi katikati ya viti vitupu na sufuria nzima ya chai, na Doris kwenye benchi lake. Mghoi alisimama mbali na Doris, akavua koti, akaniuliza, “Hawajui amekufa?”

“Wanajua.”

“Sasa wako wapi?”

Asubuhi Doris alitaka kutoka kama kawaida, maana mbwa hajui matanga. Kwenye njia ya bondeni tukamkuta Baba Ludde. Nikamweleza. Alivua kofia, akaniuliza mazishi ni lini, nikamwambia Jan-Erik amesema labda baada ya mwezi, na nilipotamka hayo nikashtuka upya. Mwezi mzima mtu yuko kwenye friji na watu wanakwenda kazini? Nikamwambia kwetu watu hawangoji kaburi. Watu huja nyumbani wakaketi. Akauliza wanafanya nini wakiketi. Nikasema, wanaketi. Alifikiri sana. Akaniuliza kama Ludde anaruhusiwa.

Jioni ya siku ya tatu, niliyoipanga iwe ya kuanua matanga, walikuja Baba Ludde, Mama Saga, mzee wa yule mbwa mwenye jicho moja, na wengine niliowajua kwa mbwa zao tu. Walivua viatu vikajaa kwenye ngazi. Waliketi na soksi zao, wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili, mbwa miguuni, na hakuna aliyesema neno. Nimehudhuria misiba mingi, lakini sijaona watu wanaojua kuketi kimya kama wale. Mghoi alikuwa jikoni na mlango wa jikoni ameufunga, anapika pilau, na kila mara aliufungua kidogo kuhesabu mbwa na kusema Yesu wangu. Jan-Erik alikuwa amefika mchana. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kilio au kwa manyoya, aliyezunguka akiwashukuru watu asiowajua kwa kuja nyumbani kwa mama yake.

Kwetu matanga hayaanuliwi hivi hivi. Kabla watu hawajatawanyika mmoja husimama akauliza mbele ya wote ni nani atabaki na walioachwa: watoto, bibi kizee, hata mbuzi. Huulizwa hadharani ili jibu nalo lisikike hadharani. Hapakuwa na mzee wetu pale, kwa hiyo nilisimama mimi, nikaeleza desturi kwa Kiswidi changu kibovu, nikauliza, nani atabaki na Doris?

Jan-Erik akasema taratibu kwamba nisihangaike, jambo hilo limekwisha pangwa. Ameongea na daktari wa wanyama, Alhamisi. Mbwa ni mzee, hatahisi kitu, ni huruma tu.

Nilidhani sijamwelewa. Nikamwomba arudie, akarudia. Mbwa aliyeshiba, aliyeogelea mtoni juzi, atachomwa sindano kwa sababu mwenyewe amekufa. Niliwatazama wale waliopenda mbwa kuliko watu, na kila mmoja aliinamisha macho. Huyu alikuwa na watatu tayari, yule Ludde wake huuma wenzake, yule nyumba yake hairuhusu. Mimi mwenyewe mwisho wa mwezi chumba kilikuwa kinarudishwa na sikujua nitalala wapi. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, Mghoi akatokea na mwiko.

“Amesemaje?”

Nikamtafsiria.

Akasema kwa Kiswahili, akimwelekeza Jan-Erik mwiko, “Mwambie huyu kwamba shangazi yangu Doris yuko hai. Jumapili atanipigia simu aniulize habari za huku. Nimwambie nini? Kwamba Doris ameuawa nikiwa jikoni napika?” Wali ulidondoka kwenye zulia, Doris akashuka kwenye benchi akaula, akaanza kulamba mwiko wenyewe. Mghoi alifumba macho. Hakuuvuta mwiko. “Mwambie nitabaki naye mimi,” akasema. “Na mwambie sitaki maswali.”

Mghoi alibaki naye hadi Doris alipokufa kwa uzee wake, chini ya meza ile ile ya Hallonbergen. Mumewe alinuna mwezi mmoja, akazoea. Shangazi Doris alipoambiwa kwenye simu aliuliza, je, huyo mwenzangu anakula vizuri? Na kwa kuwa Mghoi hakuweza kumtembeza mbwa peke yake kwa hofu, nilikwenda kwake kila Jumamosi, tukashika bonde la Igelbäcken au tukarudi kule Tumba, na hofu ilipomwisha hatukuacha. Binti yake Elina alijifunza kutembea akishikilia mgongo wa Doris. Mbwa aliyefuata Mghoi alimwita Gunvor. Nilishtuka, nikamwambia utampaje mbwa jina la marehemu, akasema kwani jina la marehemu si hupewa mtoto? Basi. Miaka yote hiyo, mvua na theluji, dada yangu mbele, mbwa katikati, mimi nyuma.

Sasa nirudi kwenye jioni ya mwezi uliopita. Pilau ilikuwa imeliwa, akina mama wameimba, na karibu na dirisha, akiwa amevaa soksi, aliketi Baba Ludde. Amepita miaka sabini sasa, ana vifaa masikioni, na Ludde wake ni wa nne. Alikuwa amekuja siku ya kwanza kabisa ya msiba, kabla ya Wakenya, akaketi. Sahani zilipoanza kukusanywa alisimama, akakohoa, akasema kwa Kiswidi kwamba yeye si wa ukoo, lakini aliwahi kufundishwa kuwa jioni kama hii huulizwa nani atabaki na nani. Watu wakacheka kidogo, wakamtazama mbwa chini ya meza.

“Gunvor nabaki naye mimi,” Elina akasema kwa Kiswidi.

“Najua,” akasema Baba Ludde. “Siulizi mbwa. Wakesho ametembea na Mghoi kila Jumamosi tangu ule mwaka. Nauliza, nani atabaki na Wakesho?”

Nimeulizia watoto wa watu na wajane wa watu kwa swali hilo, katika misiba mingi ya mji huu, na hata siku moja sikuwaza kwamba linaweza kuniangukia. Hakuna aliyecheka tena. Elina alikuwa amebeba sahani hadi kidevuni. Huyu ni mtoto ambaye nimemsemesha Kiswahili tangu kuzaliwa na hajawahi kunijibu ila kwa Kiswidi, na huniita moster kama Waswidi wamwitavyo dada wa mama. Aliweka sahani zote sakafuni.

“Mimi, mama mdogo,” akasema kwa Kiswahili. “Mimi nitabaki na wewe.”

Baba Ludde akasema vyema, akaketi, akaomba chai.